Turbo ya Emanueli

Jumamosi

Turbo ya Emanueli imekufa leo, na bado namwonea wivu.

Tangu aifunge kwenye pikapu yake kuiongezea injini nguvu, huyu mume wa shemeji yangu ananipita kila nikipanda mlima wa kutoka Yaeda Chini, mimi nabaki nakula vumbi. Jinsi inavyokunywa oili hasemi. Mke wangu naye anaona mwendo tu.

Fundi alimwonya: ukimaliza mlima usizime ghafla, iache injini iungurume kwanza, turbo ipoe. Lakini Emanueli kila akikuta mzee pale juu anazima, anashuka, anatoa shikamoo. Leo mzee mwenyewe alikuwa baba mkwe wetu. Alipowasha tena, moshi wa bluu, na mlio kama kisu kwenye jiwe.

Mimi nilimsalimia mzee dirishani, injini ikiunguruma. Gari langu nikilizima haliwaki.

Nikafunga kamba nimvute. Nikamwambia mzee, "Baba, panda kwangu, hili ndilo gari zima."

"Hapana," akasema. "Nitakaa na huyu mwenye adabu."

Nimewavuta wote wawili hadi mjini, nikiwaona kwenye kioo wanavyocheka.