Nimekula Kambare Mbele ya Agnes

Baba Agnes, hujambo huko nyumbani? Mimi nasema, mkweo anaandika.

Binti yetu amejifungua salama, wa kiume, ila maziwa hayatoki. Nyama haipatikani hapa Babati, na sukari ya uji ndiyo usiitaje. Jirani yake, Mama Paulo, akaniambia, "Bibi, ziwa si lipo?" Kiangazi hiki maji yamepungua, na jua likipanda samaki hushuka kilindini, hawagusi chambo. Tukaenda alfajiri, tukakaa mbali na viboko. Ndoana hazipo madukani, kwa hiyo Mama Paulo alipasha moto spoki ya baiskeli akaikunja, akainoa kwenye jiwe. Akatupa kando ya matete penye tope, akauacha mnyoo ulale chini. Kambare akavuta.

Nikapika supu. Agnes akageukia ukutani. "Mama, si wewe uliyetufundisha kwamba huyu ni nyoka?"

Ni kweli, sisi wa milimani Mbulu tumelelewa hivyo. Nikashika kichwa na sharubu zake, nikakila mbele yake mpaka mifupa. Nikamwambia, "Nikifa, usinywe. Nisipokufa, maliza bakuli."

Amemaliza. Leo kifua kimejaa, na mtoto ananyonya mpaka anapaliwa.

Wewe jifunike vizuri, baridi ya huko haina adabu, na usilale njaa kwa uvivu wa kupika. Ukiniuliza ladha yake sitakuficha, mzee wangu: jana nilikula tena, na hakuna aliyenilazimisha.

Mama Agnes