Mpira wa Mwisho wa Nyati

Marlow, Iowa
14 Januari

Kwako dada yangu Echa,

Salamu zako nimezipata kupitia kwa mtoto wa Asukulu. Nimefurahi kusikia kwamba goti limepoa na unakwenda tena kanisani kwa miguu yako. Mimi ni mzima, ila baridi tu. Theluji imefika madirishani, na kama si jirani yangu Terrell nisingeweza hata kufungua mlango.

Uliniuliza ile timu yetu iliishia wapi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu mpaka leo sielewi vizuri nilichofanya.

Nyati wa Marlow walizaliwa Machi, wakafa Mei. Mpira wao si huu wetu wa miguu. Ni ule wa yai, unaobebwa mikononi na kurushwa. Walicheza ndani ya ukumbi wa kutelezea barafu, juu ya zulia la kijani ambalo mimi na wazee wenzangu wawili tulilitandika kila Jumamosi. Uwanja ni mdogo, umezungukwa na kuta za sponji, kwa hiyo mpira huruka ovyo na kuangukia watazamaji. Desturi yao ni kwamba ukiudaka ni wako. Hakuna wa kukudai.

Mrushaji wetu alikuwa huyo Terrell Oakes. Siku za kazi alikata nyama kiwandani. Jumamosi alikuwa mfalme. Ananiita Mwalimu, ingawa hajawahi kuniona nikifundisha. Mwezi wa Mei aliniambia kwamba mtu wa timu kubwa ya Kanada angekuja kumtazama, mara moja tu, na kwamba akiwa na miaka thelathini na moja hatatazamwa tena.

Wiki hiyohiyo mwenye timu, muuza matairi, alikuwa ameacha kupokea simu, na hakuna aliyenunua mipira mipya. Mipira yenye muhuri wa ligi ilibaki minne, na bila muhuri mwamuzi hakubali. Mitatu iliangukia watu kabla ya mapumziko. Terrell alikuwa anacheza kama amepagawa. Yule mtu wa Kanada aliandika bila kuinua kichwa.

Kisha mpira wa nne ukapotea. Mtangazaji akaomba kwenye kipaza sauti, "Jamani, aliyeuchukua aurudishe, tutampa soseji bure!" Watu wakamjibu, "Soseji zenu za juzi? Kula mwenyewe!" Wakacheka, kisha wakaanza kuinama chini ya viti kutafuta. Terrell alisimama katikati ya zulia, mikono kiunoni, akitazama juu kwetu. Mwamuzi alisubiri robo saa, akavunja mchezo. Mtu wa Kanada alikunja daftari lake akaenda zake. Jumatatu ligi ikawafuta Nyati.

Echa, mpira ulikuwa kwangu.

Ulinipiga kifuani, mikono ikaukumbatia yenyewe. Bwana mmoja mnene aliyekaa kando yangu alininong'oneza, "Shika, mzee, ni wako, ndiyo sheria." Nikauficha ndani ya koti. Nilimsikia mtangazaji na nikamwelewa. Nilimwona Terrell. Lakini katika miaka ishirini na sita niliyoishi huku, hicho kilikuwa kitu cha kwanza ambacho sheria ya nchi hii ilinipa bila kunijazisha fomu, na sikuweza kuinuka. Nimejaribu kujieleza kwa njia nyingine, sikuipata. Nani angempekua mzee?

Sasa umo sandukuni, chini ya shuka ulizonishonea. Leo asubuhi Terrell amechota tena theluji mlangoni kwangu, akanipigia kelele dirishani: "Mwalimu, usitoke! Ngazi zinateleza, utanivunjikia bure!" Sijui nimpe mpira au ninyamaze, sijui lipi litamuumiza zaidi.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukiamua ugomvi wetu nyumbani. Niamulie na huu, lakini upesi. Theluji ikishayeyuka hatakuwa na sababu ya kuja mlangoni, nami nitapata kisingizio cha kunyamaza.

Wasalimie wanaonikumbuka. Wasionikumbuka, waambie tu kwamba nipo.

Kaka yako,
Wilondja