Draya Mbili, Namba Moja

Jumatatu, 8 Aprili

Kidole gumba kimechubuka, bisibisi iliteleza. Lakini kadi ya mtandao imeingia. Nimeifunga kwenye PLC, kompyuta ndogo inayoendesha draya kubwa ya kukaushia chai, nikavuta kebo ya mtandao juu ya mabomba ya moto hadi ofisini. Jasho mpaka kwenye viatu. Saa nane mchana namba ikatokea kwenye skrini ya meneja: digrii tisini na sita. Akapiga makofi. Miaka yote hii PLC zimekaa kimya ndani ya paneli zao kama majirani waliokosana. Ukitaka kujua joto la draya, ushuke ngazi ukaangalie mwenyewe. Sasa zinaongea.

Mzee Langat hakupiga makofi. Yeye ndiye anasimamia draya. Alisoma kipimajoto chake cha kioo, akaandika kwenye kitabu, kama anavyofanya kila nusu saa. Halafu akaniuliza, mbele ya meneja: "Lakwet, umekula?"

Lakwet. Mtoto, kwa Kikipsigis. Nina miaka thelathini na mbili! Sawa, ndiye alinifunza kazi nilipofika hapa kutoka Siaya, sijui feni nzima na feni mbovu zinalia tofauti. Sawa. Lakini ataniita injinia lini?

Kandarasi inaisha mwisho wa mwezi. Mtandao ukikaa vizuri naandikwa kazi ya kudumu. Meneja amesema kwa mdomo wake.

Jumanne, 9 Aprili

Draya ya zamani leo. Hiyo huwashwa majani yakifurika tu, siku nyingine imelala. Nikanakili mpangilio wote wa draya kubwa, nikauweka kwenye kadi mpya, niokoe muda. Ilibaki kubadilisha anwani, maana kila kadi lazima iwe na namba yake. Kabla sijaibadilisha nikaitwa, mkanda wa rola, mashine ya kusokota majani, umekatika. Nikafunga paneli, nikakimbia.

Rola imenimaliza. Mgongo unauma.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua imeleta majani mpaka basi. Malori yamepanga foleni hadi nje ya geti. Draya zote mbili zinanguruma, ile ya zamani inapanda polepole kwa sababu kuni ni mbichi.

Meneja ameniita juu. Grafu ya draya kubwa: tisini na sita, halafu arobaini na moja. Tisini na tano, halafu hamsini. Mashimo kila mahali. Skrini inachukua namba kila baada ya dakika kumi, na mashimo ni sita. Kitabu cha Langat kinasema tisini na sita, tisini na tano, tisini na sita. Safi kama daftari la Kiswahili.

Meneja akasema huyu mzee anajaza kitabu akiwa amekaa. Nimewahi kuona watu wakifanya hivyo, kiwanda kingine, wanaandika namba za zamu nzima kabla chai ya saa nne haijaisha. Meneja akaniuliza: "Mtambo wako unaweza kukosea?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka. Nilitaka asikie nina uhakika.

Ijumaa, 12 Aprili

Langat amesimamishwa kazi. Miaka ishirini na kitu, na barua ya mistari minne.

Alipitia karakana kunirudishia tochi yangu. Nikatazama meza. Akasema, pole pole tu, "Hata wewe hukushuka kuangalia." Akaenda.

Mwonja chai ameonja chai ya jana. Imepita, amesema ni nzuri hata kuliko ya juzi. Sikuuliza imekuwaje chai iliyokaushwa kwa digrii arobaini na moja ikawa nzuri. Nilikuwa na shughuli.

Uongo. Sikuwa na shughuli.

Jumapili, 14 Aprili

Kanisani sikusikia mahubiri. Nikaenda Litein kununua vibano vya kebo, nikarudi na nyanya. Vibano nimesahau. Nimefua nguo zilizokuwa safi. Siwezi kukaa, siwezi kulala. Nimemkasirikia Langat. Kwani nani alimwambia adanganye?

Jumatatu, 15 Aprili

Jua. Majani kidogo, draya ya zamani imezimwa. Rono, mwenzetu wa zamu, ndiye amewekwa draya kubwa badala ya Langat. Grafu imenyooka kama rula. Meneja akanigusa bega: "Umeona?"

Nimeona. Ningefurahi. Nimerudi karakana, nikaanza kupanga spana zilizopangwa tayari.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua tena tangu jana, majani tele, draya ya zamani ikawashwa asubuhi. Saa tano grafu ikaanguka. Arobaini na nne. Na Langat yuko kwao Boito!

Leo nilishuka. Ngazi kumi na nane tu, aki. Rono amesimama pale pale, macho kwenye kioo. Kipimajoto: tisini na saba. Nikampigia karani wa ofisi simu, skrini inasema ngapi? Arobaini na nne. Nikageuka. Mshale wa draya ya zamani, hatua tano kutoka niliposimama: arobaini na nne.

Nilijua hata kabla ya kufungua paneli. Draya kubwa, anwani inaishia na kumi na mbili. Draya ya zamani, kumi na mbili. Kadi mbili zinaitikia jina moja. Ofisi ikiuliza, yeyote anayewahi ndiye anajibu. Ya zamani ikiwa imezimwa, kimya, hakuna shida. Ikiwashwa tu, inamjibia mwenzake. Na kisanduku chake kwenye skrini kimekuwa kitupu wiki nzima, hata ikinguruma, na mimi nikaona ni kawaida kwa sababu kila mara huwa imelala.

Mzee wa watu hakudanganya hata namba moja.

Nimebadilisha ile ya zamani ikawa kumi na tatu. Dakika mbili. Grafu ikanyooka hapo hapo. Rono anadhani nimekaza nyaya. Meneja anadhani Rono amezembea kidogo, amepewa onyo la mdomo. Hakuna anayejua ila mimi. Nikinyamaza wiki mbili tu, naandikwa.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara tatu. Najichukia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia meneja. Nilibeba kitabu cha Langat na grafu, nikaviweka mezani, nikaonyesha. Kila shimo ni draya ya zamani ikipasha moto. Kosa ni langu, si la Langat, si la Rono, si la mtambo.

Aligeuza kurasa za kitabu. Akauliza kama nilijua niliposema hapana siku ile. Nikamwambia sikujua, na sikuangalia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Akasema mambo ya kandarasi tutaongea baadaye. Ameandika barua ya kumrudisha Langat. Nikaomba niipeleke mwenyewe. Mambo kama haya mtu haambiwi kwa simu.

Jumamosi, 20 Aprili

Boito. Nimebeba sukari na mkate, nimevaa nguo yangu ya kanisani, matope hadi magotini. Mkewe akanikaribisha, akanimiminia mursik, maziwa ya mgando, kikombe kizima kabla hajauliza nimeleta habari gani. Nilikunywa nikiona aibu.

Mzee alikuwa shambani kwake anachuma majani. Nikamfuata katikati ya mistari. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na yeye mikono haikuacha kuchuma. Kadi, namba, haraka yangu, ile hapana yangu kwa meneja. Kikapu kikajaa akakishusha. Swali lake lilikuwa moja.

"Alipouliza, ulisema haiwezi kukosea?"

Nikasema ndiyo, baba.

Akasoma barua mara mbili. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Akasema Jumatatu atakuja.

"Asante kwa kuleta, injinia."

Miaka sita nimelingoja hilo neno. Nililia njia yote hadi barabara kubwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Amerudi. Amesalimia kila mtu, mimi pia, mkono thabiti. Amefuta kioo cha kipimajoto kwa kitambaa chake. Rono amemwachia nafasi bila kuambiwa.

Meneja alitaka kile kitabu kiondolewe, skrini inatosha. Nimekataa. Nimekataa kwa sauti, mbele ya watu, nikashangaa mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili

Sikuandikwa. Nimeongezewa miezi mitatu, wataniangalia. Ni haki.

Nimebandika karatasi kwenye kila paneli, namba yake kwa kalamu nene. Kila saa nashuka zile ngazi na karatasi ya skrini mkononi. Mzee anasoma kioo, mimi nasoma karatasi.

"Tisini na sita, injinia."

Tisini na sita. Anaandika kwake, naandika kwangu. Hakuna ugomvi. Ni mpole, kama alivyo kwa wageni.

Saa saba nimekula karakana, ugali na kabichi. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.