Pikipiki, Mawe na Baba Mkwe

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Kamwene. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma usimpe jirani tena, ni ya kwako. Nyanya za bondeni zimeshika, au baridi imezipiga? Na yule mbuzi jeuri, amezaa au bado anakula nguo za watu kwenye kamba? Sisi huku ni wazima. Tusa amerefuka mpaka sketi ya sare niliyomshonea mwanzoni mwa mwaka imekuwa ya aibu. Baba yake yuko safarini, amepakia saruji ya kwenda Sumbawanga, tunamtegemea katikati ya wiki.

Mama, nimeamua kukuandikia kwa sababu juzi kwenye simu kila nilipofungua mdomo ulisema, "Nyamaza kwanza." Nikanyamaza mpaka salio lako likaisha. Barua hii nitamkabidhi konda wa basi la kesho asubuhi mkononi. Simpi Shangazi Mise, ingawa anapita huko Ilula kila wiki na vitunguu vyake, kwa sababu angeisoma akiwa bado Igawa.

Shangazi alikwambia kwamba navaa suruali, kwamba napanda mawe kwa pikipiki katikati ya wanaume, na kwamba baba mkwe alisimama pale ananitazama. La suruali ni kweli. La mawe ni kweli. Hilo la mwisho si kweli, na ndilo lililokuliza, kwa hiyo nitakueleza yote tangu mwanzo.

Unakumbuka ulivyoniusia siku mnanikabidhi kwa Wanyakyusa: "Huko uendako, baba mkwe haonwi. Ukimwona njiani, pisha. Usiongee naye, usile mbele yake." Mama, miaka kumi na minne nimeshika hilo neno. Nikimwona kwa mbali naingia shamba lolote lililo karibu, hata la viazi vilivyotoka kupigwa dawa. Siku moja nilijibanza nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe, na ng'ombe akaondoka. Mzee akageuka akatazama mlimani mpaka nilipopata kichaka. Ni mtu muungwana sana. Lakini tangu niolewe hatujawahi kusemezana hata neno moja.

Sasa Tusa. Tangu aingie darasa la saba, mtoto alikuwa ameacha kuongea nami. Shule vipi? "Poa." Umekula? "Poa." Nyumba ingeungua angesema poa. Kisha siku moja akarudi nyumbani anaongea bila kupumua. Nyuma ya huku kwetu kuna machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na fundi pikipiki mmoja, Fundi Sanga, anafundisha watu kupanda mawe kwa pikipiki. Si mbio, Mama. Ni taratibu kabisa, kama watu wanaotoka kupokea meza ya Bwana. Wanaweka vibendera, unapita katikati yake juu ya mawe na magogo, na hutakiwi kugusa chini. Ukiweka mguu chini unaandikiwa pointi moja. Ukianguka, tano. Mwenye pointi chache ndiye mshindi, na bora kuliko zote ni sifuri. Tusa akasema, "Mama, huu ndio mchezo wangu." Nikakumbuka matokeo yake ya hisabati nikaona anaweza kuwa sahihi.

Nikaenda kumwona huyo fundi, nikiwa nimejiandaa kukataa. Ni mtu mwembamba, mpole, anaongea kama anabania maneno. Akaniambia, "Mtoto simchukui bila mzazi."

"Nitakuja kukaa pembeni," nikasema.

"Mzazi wa pembeni kazi yake ni kupiga kelele. Hapa mzazi naye anapanda. Akishaanguka mara kumi anapata adabu."

"Fundi, mimi nina miaka thelathini na minane. Nashona sare za shule."

"Basi miguu imeshazoea kanyagio. Njoo Jumamosi, uvae suruali."

Nilitaka kuondoka, Mama. Lakini Tusa alikuwa amenishika mkono, na sikumbuki mara ya mwisho aliponishika mkono. Basi nikaenda.

Suruali ilikuwa ya mume wangu. Unamjua alivyo mnene. Nilijifunga lastiki ya sketi za wanafunzi, juu yake nikazungushia kitenge kwa heshima. Fundi akakitazama kitenge kile. "Mama Tusa, hicho kitaingia kwenye mnyororo kikuvue mbele za watu." Nikakivua mwenyewe kabla mnyororo haujakivua.

Nikatafuta kiti cha pikipiki. Hakuna. Nikauliza, "Nakaa wapi?"

"Hukai."

Mchezo mzima ni wa kusimama! Unasimama juu ya vikanyagio viwili, magoti umeyalegeza, makalio umeyarudisha nyuma kama mtu anayechungulia kisima. Nikavishwa helmeti, nikawasha, nikaachia klachi kama ninavyoachia kanyagio la cherehani. Pikipiki ikaondoka, mimi nikabaki. Ikaenda yenyewe mpaka kwenye dimbwi, ikalala. Tusa alicheka mpaka akakaa chini. Nikajifanya nimekasirika, lakini moyoni nilikuwa nasema, haya, cheka tena.

Wiki ile nilishona sare nikiwa nimesimama, maana kukaa hakukuwezekana. Lakini Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine, na nyingine. Tusa ndiye aliyekuwa ananifundisha zaidi ya fundi. "Mama, usitazame jiwe. Tazama unakotaka kwenda." "Mama, acha kupiga yowe, unajichosha." Tukirudi nyumbani tunamenya viazi huku tunabishana habari za tairi. Neno "poa" sijalisikia tena.

Jumamosi ya nne ndipo yalipoanza. Nilikuwa juu ya jiwe kubwa kama banda la kuku, nimepanda bila kujua nitashukaje, mashine inaunguruma. Nikageuza macho, nikamwona baba mkwe anakuja na panga lake la kukatia majani ya ng'ombe. Mama, kule juu hakuna shamba la viazi! Nikatafuta pa kuingia, sikuona. Ndipo nikakumbuka kwamba nimevaa helmeti, na kioo chake ni cheusi. Nikabaki nimesimama kama sanamu.

Mzee akasimama chini ya jiwe. Kumbuka huyu mtu alikuwa bwana shamba wa chai kule Rungwe, alipanda pikipiki milimani mpaka alipostaafu.

"Kijana," akasema, "unaunguza klachi ya watu."

Sikujibu.

"Nasema nawe. Jina lako nani?"

Tusa akaja mbio. "Babu, huyu ni bubu."

"Bubu?"

"Tangu azaliwe."

"Anasikia?"

"Anasikia sana, Babu."

Mzee akanitazama kidogo. "Afadhali. Vijana wa kusikia bila kujibu wamekuwa adimu." Akaweka panga chini, akaanza kunielekeza namna ya kushuka: breki ya mbele iguse tu, usiikamate, uzito nyuma, acha mashine ikutangulie. Nikashuka, Mama. Nilishuka kama maji. Nikainamisha kichwa, akanipungia mkono, akaenda zake na majani yake.

Nilirudi nyumbani mbio. Nikampigia mume wangu, nikamweleza. Akacheka mpaka akaegesha lori. Kisha kicheko kikaisha. "Na Mzee akijua?" Nikamwambia, "Ndicho ninachokuuliza wewe." Akasema, "Mama Tusa, huku mtandao unasumbua," akakata. Mtandao wenyewe ulikuwa safi kabisa, nilikuwa nasikia mpaka kuku wa mahali alipoegesha.

Najua utauliza kwa nini sikuacha. Nilitaka kuacha. Lakini Jumamosi iliyofuata Mzee akaja tena, safari hii bila panga. Na nyingine akaja na mahindi mawili ya kuchemsha, moja la mjukuu, moja la "yule bubu." Akaliweka juu ya jiwe, akasubiri nile. Ningekulaje na helmeti, tena mbele yake? Tusa akayala yote mawili, akasema mabubu hawapendi mahindi. Mzee akasema hilo hakulijua.

Nilikuwa naona aibu, na wakati huohuo nafurahi. Siwezi kukuficha. Baba alipofariki nilikuwa mdogo. Sijawahi kuwa na mzee wa kunisimamia na kuniambia, "Hapo sawa, rudia."

Ikafika siku ya mashindano ya wanaoanza. Walikuja watu kutoka Makambako na Iringa mjini, na kijana mmoja mwenye spika kubwa. Nilimwambia Fundi Sanga aniandike kwa namba tu, bila jina. Aliniandika kwa namba. Lakini yule wa spika hakuridhika na namba. Nikiwa nimesimama mbele ya vibendera vya kwanza, injini inawaka, nikasikia: "Na sasa anakuja mshiriki mwenye umri mkubwa kuliko wote, mzazi wetu, fundi wetu wa sare, Mama Tusaaaa!"

Baba mkwe alikuwa hatua kumi kutoka nilipo.

Mashine ikazima. Watu wote wa Uyole wanaojua mambo ya ukwe wakamgeukia Mzee. Upande wa barabarani nikasikia, "Yesu wangu!" Ndiye Shangazi Mise, alikuwa amekuja sokoni na vitunguu vyake akafuata kelele za spika. Nikaanza kuteremka. Nilikuwa nishaamua: nitaweka pikipiki chini, nitakwenda nyumbani, nitafungasha, nije kwako Ilula kuchunga mbuzi.

Mzee hakuondoka. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akageuka taratibu mpaka akatazamana na ukuta wa machimbo. Alinipa mgongo kabisa, uso wake na udongo vikiwa karibu kugusana. Halafu akaita.

"Tusa!"

"Abee, Babu."

"Mwambie yule bubu mashine haizimwi njiani. Awashe. Gia ya kwanza. Klachi kwa kidole kimoja."

Tusa akageuka akaniambia yote, neno kwa neno, kana kwamba mimi sikusikia. Nikawasha.

Tulikwenda hivyo mashindano yote, Mama. Kila kituo cha vibendera Mzee anasogea, anatafuta mti au ukuta wa kutazama, anasikiliza injini kwa masikio tu. "Anazidisha mafuta, mwambie apunguze." "Hapo amebabaika." "Mwambie apumue." Kwenye kituo cha kwanza niliandikiwa tano. Cha pili tano. Cha tatu, pointi tatu. Cha mwisho kilikuwa gogo na mawe matatu makubwa. Nilipita nikiwa sisikii kitu kingine isipokuwa Tusa anarudia sauti ya babu yake. Nikatoka upande wa pili.

"Ameweka mguu?" Mzee akauliza, macho kwenye ukuta.

"Hajaweka, Babu! Sifuri!"

Mzee akaupigia ule ukuta makofi. Na watu wote wakapiga.

Nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho ni baba mmoja wa Makambako ambaye mnyororo wake ulikatika, kwa hiyo sijisifu sana. Tusa alikuwa wa tatu kwa watoto, medali yake analala nayo.

Basi nieleze, Mama: siku hiyo alinitazama saa ngapi? Shangazi mwenyewe alikuwa amejifunika macho kwa khanga. Mume wangu aliporudi alikwenda kwa baba yake, amejiandaa kuomba radhi kwa niaba yangu. Mzee akamwambia, "Mimi sikumwona mtu. Nilisikia mashine." Akamkaribisha chai. Hakuna kikao, hakuna faini, hakuna neno. Kwa hiyo na wewe usimtume Kaka kuja kusuluhisha, hakuna ugomvi hapa.

Jana nilikwenda tena. Mvua ilikuwa imenyesha, machimbo yote ni tope. Mzee amesimama mahali pake, amenipa mgongo. Nilipofika katikati ya mteremko tairi ya nyuma ikaniaga, nikaserereka kwa makalio mpaka chini, pikipiki ikinifuata pole pole kama ndama. Mama, nilicheka. Nilijisahau, nikacheka kwa sauti yangu yote, ile unayosema inaamsha kuku.

Nikaona mgongo wa Mzee umesimama wima. Nikaziba mdomo wa helmeti kwa glovu yenye tope.

Kisha akasema, "Tusa. Kumbe mama yako anacheka."

"Anacheka sana, Babu. Wewe ukiwa hupo."

Mzee akatikisa kichwa, akatazama chini kwenye matope, akavaa kofia yake. "Miaka yote hiyo," akasema. "Basi mwambie acheke."

Nisalimie Kaka, umwambie suruali ya kazi atakayotuma niifupishe naipokea. Nisalimie Mama Mdogo na kwaya yake. Mchungaji msalimie pia, na akikuuliza habari zangu mjibu kwa kifupi. Shangazi Mise nimeshasalimiana naye. Wewe, Mama, tunza goti, na pokea mkono wangu, umekwaruzika kidogo lakini ni wa upendo.

Binti yako,
Tumaini, Mama Tusa