Ghala la Tangawizi Limeisha, Mama

Same

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baridi ya Mbinga ya miezi hii naijua, usiache kujifunika lile blanketi nililomtuma Kaka Beda akuletee. Kahawa imeanza kuiva? Na yule ng'ombe, amezaa salama? Mimi huku ni mzima. Jua la Same limenichoma mpaka ukiniona utauliza huyu ni nani, lakini nina furaha ambayo kwenye simu isingeenea, ndiyo maana nimeandika.

Mama, ghala limeisha!

Ni lile la kikundi cha wakulima wa tangawizi kule Mamba, milimani, kazi yangu ya kwanza kwa jina langu mwenyewe. Yaliyonipata humo sikukuambia, kwa sababu sikutaka ulale na mawazo. Sasa nakusimulia.

Wakulima wale walikuwa wameshatapeliwa. Kabla yangu walimpa mkandarasi mwingine karibu nusu ya fedha zote mkononi, akachimba mitaro kidogo, akashuka mlimani, hakurudi. Basi nilipokwenda kusaini, mwenyekiti wao, Mama Nakunda, akaniambia mbele ya kamati nzima, "Binti, safari hii tunalipa jengo likiisha. Sisi tukishika ufunguo, na wewe unashika hela yako."

"Mama, saruji ya kulifikisha huko mwisho nitaitoa wapi? Na mafundi wangu wanakula kila siku."

"Na tangawizi yetu ilishaliwa," akajibu. Watu wakaguna, wakaanza kuteta kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, nami sikuambulia neno.

Niliwaomba wiki moja. Nikarudi chumbani kwangu, nikaivunja bei ya mkataba vipande vipande: msingi, ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, jamvi la zege la sakafu, kuta, linta, kupaua, milango, plasta. Kila kipande na bei yake, na ukivijumlisha unapata bei ileile ya mkataba. Nilipopanda tena kwao nikawaeleza kwa mfano wako, Mama, unavyowalipa vibarua wa kuchimba mashimo ya ngolo shambani. Huwalipi kabla, wala huwaambii wasubiri mahindi yakomae. Aliyemaliza kipande unakwenda kukiangalia, halafu unamlipa kipande.

Mama Nakunda aliuliza neno moja tu. "Nani atapima?"

"Ninyi wenyewe, pamoja na mhandisi wa wilaya."

Nikaongeza kwamba katika kila malipo wabakize sehemu kidogo, wanipe masika yakipita bila bati kuvuja. Hapo wakasaini.

Rafiki yangu mmoja wa kazi alikuwa amenishauri niupandishe bei msingi ili nipate hela mapema, halafu nizishushe kuta. Nilikataa, na namshukuru Mungu. Maana malipo ya kwanza yalipofika, mzee mmoja wa kamati alisimama akasema kwa ukali, "Msingi unakula kuliko kuta? Kitu chenyewe kimefukiwa, hakionekani!" Nikawachukua wote tukateremka upande wa chini wa kiwanja. Nikawaonyesha mlima ulivyoinama, mawe tuliyoyapanga, na mahali lori linaposhindwa kupanda, ambapo kila jiwe lilibebwa na mtu. Stakabadhi zote nilikuwa nazo. Yule mzee akagonga mawe kwa fimbo yake, akasema, "Lipeni."

Balaa lenyewe lilikuja na mvua za vuli. Kenchi, zile mbao za kubeba paa, zilikuwa zimesimama, nzuri, zimenyooka. Mabati yalikuwa njiani kutoka Same, mlima ukaporomoka, barabara ikafungwa. Nami kazi ya kupaua nilikuwa nimeiandika kama kipande kimoja! Bila mabati kipande hakijaisha, na kisipoisha hakuna malipo. Mafundi wakaanza kufunga mizigo. Mama, nilijificha nyuma ya tangi la maji nikalia.

Kisha nikanawa uso nikaenda kwa Mama Nakunda. Nikamwomba kazi ya kupaua tuigawe mara mbili, mbao kivyake na mabati kivyake. "Hivyo hatukuandika," akasema. Nikajibu ni kweli, nimekuja kuomba. Akanitazama. Akajifunga kitenge vizuri, akaja saiti, akapanda ngazi mwenyewe, mvua inanyesha, huku mafundi wote wameshika ngazi kwa hofu. Akashikashika mbao, akazitikisa. Alipotua chini akawaita wenzake wa kamati. "Kenchi zipo, nimezishika kwa mkono wangu. Hiki kipande kinagawanyika."

Mhandisi naye alikubali, tukaandika nyongeza, wote wakatia sahihi, na mafundi wangu wakalipwa wiki ileile. Halafu likatokea jambo ambalo sikuliomba. Wanakikundi waliteremka wenyewe mpaka kwenye maporomoko, wakayavusha mabati kichwani, wanawake na wanaume, na ng'ambo ya pili bodaboda zikayapokea. Wakapanda wanaimba. Tukaezeka mvua ilipopumzika.

Masika yamekuja yamepita, halikuvuja hata tone. Juzi wamenikabidhi ile sehemu waliyokuwa wameibakiza, kamili. Ghala limejaa tangawizi, harufu yake unaipata ukiwa barabarani.

Na Jumapili baada ya ibada walikuja viongozi wa kikundi kingine, wanataka ghala kama hilo. Wakamuuliza Mama Nakunda habari zangu mbele yangu. Akasema, "Mpeni kazi huyu. Ila mkapime." Akaangua kicheko yeye wa kwanza, sote tukacheka. Tumesaini jana, Mama.

Nisalimie Kaka Beda na wifi yangu, mwambie wifi kikapu alichonisukia watu wa huku wanakitamani. Msalimie shangazi wa Litembo na baba yangu wa ubatizo. Mjomba aliyesema ujenzi si kazi ya wanawake naye msalimie, msomee barua hii taratibu.

Mungu akulinde, nami uniombee.

Ni mimi binti yako mkandarasi,
Skolastika