Mkamwana Ananipandishia Presha kwa Mashine

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijamfukuza mtu nyumbani kwangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, na mwanangu wa pekee alipooa alituletea mkamwana mpole, mpole mpaka nikaanza kujiuliza huyu anataka nini, maana majuzi kaja na mashine ya kupimia presha, akampima mume wangu ikawa sawa, akajipima mwenyewe ikawa sawa, akanipima mimi, mia na sabini kwa mia, halafu akasema kwa ile sauti yake ya asali, "Mama, pumzika kidogo, wateja niachie mimi." Niachie! Hapo nikaelewa kila kitu.

Tangu siku hiyo chumvi imehama mezani, nikiingia sebuleni yeye na baba mkwe wake wananyamaza, na siku moja nikamkuta amekalia kiti changu anakata kitambaa cha mteja wangu, nikamuuliza, "Umeshanizika?" akacheka, eti "Mama nawe!" akanivuta mkono anipime tena. Na ule mkanda wa mashine unaofungwa mkononi ulikuwa haunitoshi, mikono yangu ni minene, sifichi, ukivimba unaachia, kwa hiyo kwa ufundi wangu nilishaufumua nikauongezea kipande cha kitambaa kigumu, ukafunga vizuri kabisa, lakini mashine ikasema yale yale, nikajua kaitengeneza inichongee. Akanipeleka zahanati, muuguzi akanifunga mkanda mpana, presha juu, wakaniita siku nyingine, juu tena, daktari akaniandikia vidonge, ila yule muuguzi na mkamwana wangu walikumbatiana mlangoni kama mapacha, sasa mimi ni mtoto nisielewe? Vidonge nimeacha, kila asubuhi namwaga kimoja chooni, mbona kichwa hakiumi, kizunguzungu sina, na kutwa nzima nakanyaga cherehani. Nimfukuze moja kwa moja, au nimwambie mwanangu kwanza?

Fundi wa Chumba cha Mbele

Fundi,

Pole, na jiandae kugombezwa. Kumkuta mtu kwenye kiti chako bila kukuuliza kunauma, hilo nakupa. Mengine umejidanganya mchana kweupe.

Tuanze na mkanda. Ndani yake kuna mfuko wa hewa, na ndio unaobana mshipa ili mashine ijue damu inasukuma kwa nguvu gani moyo unapopiga, hiyo ni namba ya juu, na unapopumzika, hiyo ni ya chini. Wewe umeongeza kitambaa, mfuko ukabaki ule ule, na mfuko mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kumbe kuishuku mashine ulikuwa na haki! Ila ukamshika mtu badala ya mkanda. Tena unapimwa huku unagombana? Kaa kimya kama dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono bila nguo juu ya meza, usawa wa moyo, na wakati wa kupimwa usiseme neno.

Usianze kuchekelea. Zahanati walikuwa na mkanda wa saizi yako, wakapima siku mbili tofauti, na bado ilikuwa juu. Muuguzi amkumbatie amtakaye, mashine haijui hayo. Na habari ya kichwa kutokuuma, mama yangu, presha haipigi hodi, wengi hawasikii kitu mpaka siku wanapoanguka.

Unaogopa mkamwana atachukua kiti chako. Kiharusi kinachukua mkono unaosukuma kitambaa na mguu unaokanyaga, na hapo kiti utampa mwenyewe, kisha umngoje akulishe.

Sasa sikiliza. Leo hii rudi zahanati ukamwambie daktari ukweli wa vidonge, naye akwambie unavianzaje tena. Beba na mashine, uliza mkanda wa saizi yako unapatikana wapi, huo uliouchezea utupe. Mkamwana mwambie waziwazi kwamba kazi yako haiguswi bila ruhusa yako, kisha mpe mkono akupime, nawe ufunge mdomo.

Na mwanao mwambie, ndiyo, lakini si habari ya kumfukuza mkewe. Mwambie umekuwa ukimwaga dawa chooni. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na daktari wodini.