Besi Inayolala Kabatini kwa Mama Mkwe

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya viatu.
Jumatatu, mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo na goti lako? Mama ameniambia daktari amekukataza ngazi, na wewe bado umeng'ang'ania kukaa ghorofa ya juu eti kwa sababu ya dirisha. Mjomba, shuka chini jamani. Dirisha halitakubeba siku goti likigoma. Na mkaza mjomba je, kikohozi kimemwachia? Mwambie ile dawa aliyonielekeza niliitumia ikanifaa, ila ni chungu, na nikiikumbuka tu uso unajikunja.

Sisi huku tu wazima. Mume wangu mzima, ananenepa, shati la kazini limeanza kumbana tumboni na hataki kuambiwa. Mama mkwe mzima. Shemeji ndiyo usiseme, sauti yake inasikika mpaka kwa fundi viatu. Mimi mzima wa mwili.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Mjomba, nyumba hii ina masikio. Kuta za mbao, na waliomo wote wanamuziki. Ukipiga chafya jikoni, chumba cha mbele wanakwambia imetoka kwa sauti gani. Hapa hakuna kunong'ona.

Unaijua nyumba niliyoolewa, ulicheza kwenye harusi yangu mpaka wakakuletea kiti. Bendi ni ya familia. Shemeji anaimba na kuamrisha, mume wangu anapiga ngoma, na baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa kwenye gitaa la besi tangu hawa wawili hawajazaliwa. Kila mwisho wa wiki tuko ukumbi wa hoteli, jukwaa lile lile, karibu na mlango wa jikoni. Mzee alipofariki, shemeji alisema mpiga besi tunaye ndani, tutafute nje ya nini? Nikafurahi kweli. Nilipofika mazoezini na besi yangu begani akaniangalia akacheka. Akasema, "Hiyo ni ya kwako. Ya bendi ni hii." Akanikabidhi ya Mzee.

Hiyo besi, Mjomba, ni nzito kama mlango. Mzee hakuwahi kubadilisha nyuzi zake. Zimekuwa nyeusi, zimeshiba jasho la vidole vyake. Chini ya nyuzi, kule mwisho, alichomeka kipande cha sponji alichokata kwenye godoro kuukuu, basi ukigusa uzi unasema dum na kufa hapo hapo. Hauvumi wala haulii. Ndiyo sauti ya bendi, na watu wanakuja kwa ajili yake, siwezi kukudanganya. Ile dum ikikaa chini ya ngoma za mume wangu, hata wahudumu wanabeba sahani kwa mwendo wake.

Inalala kwenye kabati la Mzee, katikati ya makoti yake, na kabati liko chumbani kwa mama mkwe. Nikitaka kufanya mazoezi nabisha hodi, natoa heshima zangu, nasubiri. Siku nyingine amelala, basi mazoezi hakuna. Mpiga besi mzima naomba besi kama mtoto anayeomba biskuti.

Ngoja nikuchekeshe kidogo kabla sijalia. Mwezi uliopita uzi mmoja ulikatika, ule mwembamba. Nyumba nzima ikaingia msibani. Shemeji akatafuta mwingine, nikaufunga, nikaugusa. Weee! Ulilia kama kijiko kwenye glasi, mpya kabisa, unang'aa. Wakaniangalia kama niliyetukana mbele ya wageni. Shemeji akasema, "Uue huo." Nitauuaje? Mama mkwe akasema Mzee alikuwa akishakula nyama ya kukaanga anashika besi bila kunawa, pengine siri ni mafuta. Basi ikaletwa kikaango. Mjomba, nilikaa kwenye kigoda nikipaka uzi wa gitaa mafuta ya nyama, huku watu wazima na akili zao wamenizunguka wametega masikio. Paka. Gusa. "Bado." Paka tena. "Bado haujafa huo." Mpaka ukafa. Wakapiga makofi.

Asubuhi yake mama mkwe kafungua kabati, sisimizi! Wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye besi, na kutoka kwenye besi hadi mifukoni mwa makoti ya marehemu. Ikabidi makoti yafuliwe yote, na yalikuwa hayajafuliwa tangu afariki. Alikuwa akiyanusa, maskini. Alikaa uani akiyatazama kwenye kamba, analia bila sauti, na aliyeonekana mbaya ni mimi niliyepaka, siyo waliosema paka. Tangu hapo nikibisha hodi naambiwa "pita" kwa sauti ambayo ningeona afadhali anifukuze.

Sasa nikuambie linaloniuma, maana katika ukoo wetu ni wewe tu utakayelielewa.

Unaikumbuka ile besi yako ya mbao za boksi, uliyonifundishia? Nyuzi zilikaa juu mno ya shingo, mtu angeweza kupitisha kidole chini yake. Kila noti ilikuwa inaniuma, ndiyo maana nilijifunza kupiga chache. Nilikuwa nafikiria mara mbili kabla sijabonyeza. Halafu nikapata ile nyekundu, shingo nyembamba, nyuzi laini, vidole vinateleza vyenyewe, nikawa mropokaji. Ukaniambia kwenye simu naongea kama redio ya jirani. Nilinuna wiki nzima, lakini ulikuwa mkweli. Kisha ndiyo ikaja hii ya tatu, yenye shingo tupu isiyo na vile vyuma vya kukuonyesha mahali pa kubonyeza. Lo, ilinitesa! Kidole kikikosea upana wa punje ya mchele, noti imepinda. Nilipiga ovyo miezi mingi, majirani walinichukia. Ila hiyo ndiyo iliyonifundisha kusikiliza kwanza, na kuivuta noti polepole hadi ikae, na kuiacha ilie mpaka ichoke yenyewe.

Na hapo, Mjomba, ndipo nilipopata ya kwangu. Uchache nilioutoa kwako, ulimi nilioupata kwenye nyekundu, na ule mvuto wa shingo tupu. Nilikuwa napiga maharusini na mtu anapita nje ya ukumbi, haoni jukwaa, anasema, "Yule dada yupo leo." Hakuna sifa niliyopewa maishani inayoizidi hiyo. Sikuwa mke wa mtu bado, wala mkwe wa mtu. Nilikuwa yule dada.

Kuna mwimbaji mmoja wa kike aliyekuwa akiimba maharusi ya siku zile. Sasa ana jina, anasafiri na wapigaji wake. Juzi alikuja kula hotelini kwetu, tulipopumzika akanifuata kwenye ule ujia wa jikoni penye makreti ya soda. Akaniambia anatafuta mtu wa besi, lakini akanishika mkono akasema, "Simtaki huyu anayepiga humu. Namtaka yule wa shingo tupu." Akaniomba nijirekodi kidogo kwa simu nimtumie, kabla hajaondoka Ijumaa. Nilirudi jukwaani. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Kumbe kesho yake shemeji naye ana lake. Katuita wote sebuleni: tunaingia studio. Albamu nzima. Na bango lishachorwa, picha ya Mzee na besi yake, chini yake maandishi makubwa: SAUTI YA MZEE HAIJAFA. Nikauliza kwa upole, na jina la mpiga besi litakaa wapi? Akanishangaa kwelikweli. Akasema, "Shemeji, wewe ni familia. Familia inaandikwa?" Nikamgeukia mume wangu. Mume wangu mpole, unamjua, hapendi shari. Akasema jina langu limo ndani ya la baba. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa.

Ungekuwa ubaya mtupu ningejua la kufanya, ningebeba begi langu. Lakini mama mkwe huja ukumbini kila Jumamosi. Anakaa pembeni, kiti kimegusana na spika yangu, anafumba macho, anaweka kiganja juu ya ile spika kama unavyompapasa mtu mgongoni. Nyimbo zote, kiganja hakiondoki. Baada ya sisimizi nilidhani hatakuja tena. Alikuja. Sasa niambie, Mjomba, naondokaje hapo? Shemeji mwenyewe hajui kama nina pa kwenda, lakini alishasema siku moja, mezani tu, kwamba siku nitakayoiweka chini hiyo besi nitakuwa nimemzika baba yao mara ya pili. Nikanywa maji, tukaendelea kula.

Basi nikapiga moyo konde. Nikasema nijirekodi kwanza, mengine baadaye. Leo asubuhi mama mkwe na shemeji walikuwa wametoka, mume wangu anaoga. Nikavuta besi yangu kutoka chini ya kitanda, nikaipangusa vumbi, nikafunga nyuzi mpya zilizokuwa bado kwenye pakiti, nikaichomeka kwenye spika yangu ndogo. Hakuna sponji, hakuna mafuta. Nikaweka simu juu ya mto, nikaanza ule wimbo wangu wa maharusi, ule wa kumwingiza bi harusi.

Dum, Mjomba. Dum, dum.

Nikadhani nyuzi, nikazikaza. Nikadhani spika, nikaigeuza. Nikaanza upya. Ndipo nikauona mkono wangu wa kushoto. Nikishabonyeza noti, kidole kinajinyanyua chenyewe, kinaiua kabla haijalia. Nikiamuru kikae, kinakaa noti mbili, ya tatu kimerudia. Hata mvuto wangu haupo, vidole vinatua pale pale kama vimepigiliwa misumari, tena kwenye shingo tupu! Nilijaribu polepole, nikajaribu kwa hasira, nikajaribu kwa kuimba huku napiga. Ni yeye. Mzee alikuwa anapiga wimbo wangu wa maharusi, kwenye gitaa langu, na anaupiga vizuri.

Mlango ukafunguka. Mume wangu kasimama na taulo, povu bado masikioni, anatiririka maji sakafuni. Alikuwa analia. Akasema, "Nilijua ni baba. Wallahi nilijua ni baba. Halafu nakuta siyo besi yake, ni wewe tu." Akanikumbatia na povu lake lote, akanibusu mikono, huu halafu huu. Tangu tuoane sijamwona na furaha kama ile. Akasema sasa hata besi ya kabatini ikivunjika hana wasiwasi, maana baba yumo mikononi mwangu. Na mimi nilikuwa nalia, akadhani tunalia kitu kimoja.

Simu ilikuwa bado inarekodi. Sijamtumia yule mwimbaji. Nimtumie nini? Ile anaisikia hotelini kila akija kula.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, Mjomba, na usicheke. Mama hajui muziki, mume wangu anamsikia baba yake tu, na maharusi yale hakuna aliyeyarekodi. Wewe ndiye uliyekuwa unanisikia. Kaa chini, tulia, uniandikie nilikuwa nasikikaje. Usinisifie, sifa hazinisaidii. Niandikie nilikuwa nachelewa wapi, naharakisha wapi, noti gani nilikuwa naing'ang'ania hata ukinikanya. Niandikie makosa yangu yote, hasa makosa, maana Mzee hakuwa nayo. Nitayafanyia mazoezi moja moja mpaka yarudi.

Na kama umesahau, niambie tu kwamba umesahau, nijue.

Msalimie sana mkaza mjomba, na binamu wote, na yule mpwa mwenzangu anayejifanya hajui kuandika. Bibi ukimpigia mwambie nampenda na nakula vizuri. Mungu akulaze salama na akuamshe bila maumivu, akupe na kumbukumbu, Mjomba, hasa kumbukumbu.

Ni mimi mpwa wako, nisiyechoka kukupenda,

Yule dada.